Mboga ya masika iliyokuumbua mbele ya wageni: tupeane uzoefu

Mama Zawadi, Morogoro
Wapendwa, Kwaresima imefika katikati na mvua zimefunguka. Kwangu nyama haiingii mpaka Pasaka. Sokoni kumejaa mchicha, matembele, mnavu, bamia changa. Leo nimenunua mafungu matatu ya kisamvu, na pale pale kwa muuzaji nikaona majani ya maboga, nikakumbuka siku niliyowakaribisha wanajumuiya nyumbani. Niliyapika bila kuyatoa nyuzi. Watu 12 wanatafuna, hakuna anayemeza. Mzee mmoja akavuta uzi mdomoni, mrefu kama wa kushonea gunia, akauweka pembeni ya sahani taratibu. Ule uzi sijausahau. Kila mwenye lake aseme, maana nataka wanangu wale mboga hizi kwa hamu, siyo kwa kuvumilia.

Mwana wa Bahi
Nyuzi! Unavunja ncha ya kikonyo, unavuta kushuka mpaka kwenye jani, halafu jani lenyewe unalifikicha kwa viganja kabla ya kukata. Maliza na karanga za kutwanga. Hapo nyama ya nini?

Dada Suzi
Umenikumbusha mbali, mama.

Mke wa Muheza
Nimesoma neno kisamvu nikaweka simu chini kwanza. Mimi ni wa Rombo, nimekulia ndizi na maharage. Kisamvu nilikuwa nakisikia tu hadi nilipoolewa. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mwezi wa nne, mvua inamwagika tangu alfajiri, mume yuko safari, mama mkwe karudi shambani kalowa na njaa inamuuma. Shemeji yangu mdogo akaniletea majani ya muhogo aliyochuma kule mpakani mwa shamba. Sikuuliza. Nikayakata kwa kisu kama mchicha, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikayatumbukiza, nikafunika. Gesi ilikuwa inaishia, dakika 20 nikaepua. Yalikuwa machungu, nikaongeza tui. Mimi nilionja vijiko viwili. Mama alimaliza sahani nzima na ugali, na najua alikula vile ili kunipa moyo.

Saa mbili usiku nikasikia kishindo uani. Nimemkuta kashika ukuta, anatapika, anasema kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Jirani akatutoa na bajaji yake, tope hadi kwenye ekseli. Njia nzima mama kanishika mkono, hasemi neno. Kituo cha afya, mganga alipoambiwa tumekula nini aliuliza kitu kimoja tu: "Mlikitwanga?" Yale majani yalikuwa ya muhogo mchungu, ule unaopandwa mipakani ili nguruwe pori wasisogee. Nilikaa kwenye benchi mpaka asubuhi naangalia dripu inavyodondoka.

Alipona. Siku aliyoweza kusimama vizuri alinitolea kinu yeye mwenyewe, akanikalisha. Twanga mpaka jani lisionekane. Kichemke saa nzima na zaidi, sufuria wazi, maana sumu inaanza kutoka kwenye kinu na inamalizikia kwenye mvuke, ukifunika unairudisha. Akaniambia pia, "Mwanangu, mimi nilitakiwa kukufundisha siku ya kwanza." Hadi leo ukoo mzima wanajua mama aliumwa malaria.

Dada Suzi
Mwili umenisisimka. Huyo siyo mkwe, huyo ni mama.

Kijana wa Mbagala
Pole dada. Ila saa nzima ni gesi nyingi. Mimi natia magadi nusu kijiko, nusu saa kimelainika.

Mama Lishe Tandika
Wewe kijana hukusoma alichoandika? Kulainika siyo kuiva! Magadi yanalainisha jani na kulipa ukijani, basi. Sumu haijaondoka, na vitamini umeziua. Usimfundishe mtu hivyo.

Kijana wa Mbagala
Mbona Dodoma mlenda wote unatiwa magadi na watu wanaishi?

Mwana wa Bahi
Mlenda wetu usiuingize hapo. Mlenda hauna sumu ya muhogo.

Shangazi Kakamega
Kwetu ni mrenda, tunaupika pamoja na kunde, na badala ya magadi tunachuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Ugali wa wimbi kando. Lakini kisamvu mimi siwezi kukigusa baada ya hiyo hadithi, samahani.

Mwanamke wa Bukavu
Usikiogope. Huku tunaita sombe, tunakula tangu utoto. Tunaitwanga na majani ya kitunguu na biringanya, inachemka muda mrefu sana, kisha mafuta ya ngazi. Wengine hutia ndagala, yaani dagaa, lakini kwa Kwaresima haikosi utamu bila hiyo.

Mzee wa Ujiji
Mafuta ya ngazi ndiyo mawese. Anayetumia mawese hana haja ya nazi.

Bibi Pangani
Nani kasema? Kisamvu bila nazi ni majani tu. Na tui lisiachwe litokote peke yake, koroga, la sivyo litakatika.

Dada Suzi
Jamani, na mnavu? Mwanangu anautema kwa uchungu. Nimwage maji ya kwanza?

Mama Lishe Tandika
Mwaga.

Shangazi Kakamega
Usimwage. Tia maziwa, ulaze usiku kucha, upashe kesho yake. Ataomba tena.

Mama Zawadi, Morogoro
Nimerudi. Muuzaji kaniapia kuwa ni muhogo mtamu, lakini baada ya kusoma hapa nimeazima kinu kwa jirani na nimetwanga mpaka mabega yanauma. Kipo jikoni tangu saa kumi, mfuniko nimeuweka mbali kabisa, nyumba nzima inanukia majani. Zawadi yuko kwenye mbuzi anakuna nazi ya pili. Mke wa Muheza, mama alisema kitangulie nini, karanga au tui zito?

Mke wa Muheza
Karanga kwanza, dada. Ziache ziive kabisa na tui la pili. Tui zito mwisho, moto mdogo.