Ovaroli ya mume wangu ina vumbi la betri, nami ni mjamzito

Mama Zawadi, Korogocho
Hamjambo akina mama. Nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu yuko Kariobangi Light, anapasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi, ile metali iliyomo ndani yake. Jioni anarudi na ovaroli ile ile, Zawadi anamrukia mlangoni, na mimi ndiye huifua kwa karai moja na nguo za mtoto. Juzi nikasoma habari za Phyllis Omido wa Owino Uhuru, Mombasa: alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanawe akaugua, ikaonekana ni risasi iliyopitia maziwa yake. Tangu hapo sina usingizi. Kliniki wamenipima damu, mkojo, HIV na kaswende, wakasema niko sawa. Vipimo hivyo vingeonyesha risasi? Na nikijifungua, ninyonyeshe? Tafadhali msiniambie mume aache kazi. Ndiyo inayotulisha.

Mkunga wa Umoja
Pole mwanangu. Hapana, vipimo vya kawaida vya kliniki havionyeshi risasi. Omba kipimo cha kiwango cha risasi katika damu, na umweleze daktari kazi ya mumeo bila kuficha. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe, ingawa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, mtoto akazaliwa na uzito mdogo, na ubongo wake ukadhurika. Tena ile iliyokuingia miaka ya nyuma imejificha mifupani. Mimba inapodai kalsiamu, mifupa huiachilia pamoja na hiyo risasi. Ndiyo maana nawasumbua akina mama kuhusu maziwa, omena, na vile vidonge vya chuma mnavyopewa halafu vinalala kabatini. Mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi.

Kunyonyesha usijiamulie kuacha. Ni kiwango kikiwa juu sana ndipo daktari husimamisha kwa muda. Na odowa, ule udongo wa kula, unakula? Niambie ukweli.

Mama Zawadi, Korogocho
Ninakula. Kila siku.

Mkunga wa Umoja
Acha leo. Huzuia chuma kuingia mwilini, na udongo wa kula umewahi kukutwa na risasi ndani yake. Hamu ikizidi mwambie muuguzi, mara nyingi huandamana na upungufu wa damu.

Fundi wa Grogan
Shemeji, nimeifanya hiyo kazi. Mzee abadilishe nguo huko huko, aoge kwa sabuni kabla ya kupanda matatu, viatu vibaki nje ya mlango. Ovaroli aifue mwenyewe kwa karai yake, na maji asimwage watoto wanapocheza. Wewe usifagie kavu, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Barakoa ya kitambaa haizuii ule moshi, asijidanganye. Na betri isiingie nyumbani hata moja.

Mama Zawadi, Korogocho
Asanteni sana. Baba Zawadi amesoma yote, amekubali ovaroli ibaki kazini. Zawadi ana miaka mitatu, naye apimwe?

Mkunga wa Umoja
Ndiyo, siku hiyo hiyo. Risasi ikifika tumboni, mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Na baba yake apimwe pia, yeye ndiye anayekaa kwenye moshi wenyewe.