Shahada ninayo, mwajiri anataka aliyekwisha kuiva: pengo hili ni la nani kuliziba?

Swali
Nimehitimu shahada ya uhasibu kwa alama nzuri. Katika usaili wa hivi karibuni nilikabidhiwa daftari la fedha na taarifa ya benki zisizolingana, nikatakiwa kueleza tofauti hiyo ndani ya nusu saa. Kanuni nilizijua, lakini maswali ya darasani huja na takwimu zilizokwisha kupangwa, ilhali pale palikuwa na hundi ambazo bado hazijawasilishwa benki, makato ya benki yasiyoandikwa kwenye daftari na risiti moja iliyoingizwa mara mbili. Sikumaliza. Je, chuo ndicho kilichoshindwa kunifundisha, au waajiri wanataka chakula kilichoiva bila wao kuchochea moto?

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Kwa miaka kadhaa nimewapokea wahitimu kazini, na wanaposhindwa, mara nyingi si kwa hesabu. Swali la mtihani huwa na kila kinachohitajika ili lijibiwe. Kazi haiko hivyo, na kijana aliyezoea mtihani hukaa kimya na jalada lenye upungufu mpaka muda unapita. Anayekuja saa ya kwanza kuniuliza kwa nini risiti imejirudia, huyo nitamfundisha mengine yote.

Jibu la pili
Nakubali, ila waajiri nao wasijitoe. Mwaka 1964 mchumi Gary Becker alieleza kwamba ujuzi unaofaa kila mahali mwajiri hana sababu ya kuugharimia, kwa kuwa mfanyakazi anaweza kuondoka nao akautumie kwa mshindani. Ndiyo maana kila kampuni hungoja nyingine ifundishe, kisha zote zinalalamikia vyuo. Ujerumani, ambako sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 1969, mwanagenzi husaini mkataba na kampuni, hulipwa posho, na hugawa wiki zake kati ya kazi na shule ya ufundi. La maana zaidi kwangu ni kwamba waajiri wenyewe hushiriki kuandaa yale yanayofundishwa, kwa hiyo hawawezi kuyakana baadaye.

Jibu la tatu
Mabadiliko ya mfumo yatachukua miaka, na wewe unahitaji kazi sasa. Tafuta kikundi kidogo chenye vitabu vya hesabu vilivyovurugika, uombe kuvinyoosha miezi mitatu mfululizo, na katika usaili ujao ueleze kosa moja ulilolikuta na jinsi ulivyolifuatilia hadi chanzo chake.