Tupeane uzoefu: taa ya betri kwenye Hiace za zamani

Mwanzisha uzi, Uyole

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa Hiace za dizeli za zamani, zile zenye injini aina ya 2L, 3L na 5L ambazo bado zinakula barabara za Tukuyu, Njombe na vijijini kote huku kwetu. Taa nyekundu ya betri ikiwaka, wengi wanakimbilia duka la betri. Betri mpya inakaa siku mbili tatu, gari linagoma tena. Taa ile haipimi betri, inasema alternata (mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri) haichaji. Kwa hiyo tuwekeane vipimo vya namba, "nahisi" tuziache kijiweni.

Naanza na mita ya kidijitali, ya bei ndogo inatosha. Iweke DC volti 20, pima kwenye vichwa vya betri asubuhi kabla hujagusa funguo. 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa 12.0 kushuka chini, ichaji kwanza, maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo: inatakiwa isome 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na pointi huku inashuka taratibu, chaji hakuna. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alternata) imekufa, betri inachemka na utasikia harufu ya mayai viza. Wenye Coaster za volti 24, zidisheni mara mbili.

Fundi umeme, Makambako

Hata kabla ya mita, weka funguo ON bila kuwasha injini. Taa ya betri LAZIMA iwake. Isipowaka, usishangilie, huenda balbu imeungua au fyuzi imekatika. Geji ya mafuta na ya joto zikiwa zimekufa pamoja nayo, anza na fyuzi iliyoandikwa GAUGE.

Kisha nyuma ya alternata. Zenye plagi ya pini tatu zina herufi S, IG na L. S inatakiwa iwe na umeme wa betri muda wote. IG ipate umeme funguo ukiwa ON. L ndiyo inayoendesha taa. IG ikikosa umeme, alternata nzima kabisa itakaa kimya, na utaipeleka kusukwa upya bure.

Na hili liwe kichwani: taa ya betri na ya breki zikiwaka PAMOJA, hata kwa mwanga hafifu, mara nyingi shida ni moja tu, alternata. Kwenye Toyota nyingi za umri huu, waya wa kujaribia balbu ya breki unapitia kwenye ule wa L. Hakikisha hendibreki imeshuka na mafuta ya breki hayajafika MIN. Vikiwa sawa, fungua alternata utazame kaboni, vile vipande vinavyosugua ringi kupitisha umeme. Mpya hutokeza nje kama milimita 10.5, na ikibaki 1.5 imekwisha. Ringi za shaba zinazosuguana nazo zikiwa zimechimbika, kaboni mpya hazitadumu.

Dereva, Tukuyu

Huku kwa mvua, mkanda wa alternata ndio mtuhumiwa wa kwanza. Unapiga mluzi ukiwasha taa kubwa na waipa, na taa ya betri inapepesa. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili, ushuke kama milimita 10. Ukikaza kupita hapo unaua beringi ya alternata na ya pampu ya maji. Kama ni mikanda miwili, badili yote, maana mpya na mkuukuu havivuti sawa.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye tamino (vichwa vya betri na vibanio vya waya) unaondoka kwa maji ya moto na magadi soda. Toa hasi kwanza, wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Paka grisi baada ya kukaza, siyo kabla.

Mdau, Iringa

Niongeze jambo la usalama kwa wanaoshuka mteremko wa Kitonga. Kwenye injini hizi, pampu ya vakyumu ya breki (inayofanya pedali iwe laini) imefungwa mgongoni mwa alternata, na mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji na feni. Mkanda ukikatika unapoteza chaji, unapoteza upoozaji, na pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyaga mara moja au mbili. Breki bado zipo, ila zinataka nguvu ya mguu mzima. Taa ikiwaka ghafla mteremkoni, shuka gia, tafuta pa kusimama mapema, na usizime injini gari likiwa linatembea.

Pampu hiyohiyo sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya alternata na kulowesha kaboni. Ukibadili kaboni ukaiacha sili, umefanya nusu ya kazi.

Mwanachama, Mwanjelwa

Wakuu, ile ya kuchomoa tamino injini ikiunguruma, ikizima alternata mbovu, isipozima nzima. Inafaa?

Fundi umeme, Makambako

Hapana, mkuu. Hiyo ni ya enzi za dainamo. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiichomoa, volti zinaruka ghafla na kuua dayodi (zinazogeuza umeme wa alternata kuwa DC), regyuleta, hata redio. Unaingia na alternata nzima, unatoka na mbovu.

Pima hivi: injini inawaka, taa kubwa na feni ya hewa zimewashwa. Mita kati ya nati ya B ya alternata (ya waya mnene unaokwenda betri) na chanya ya betri, isizidi volti 0.3. Kisha bodi ya alternata na hasi ya betri, isizidi volti 0.2. Ikizidi upande wa kwanza, ni waya au fyuzi kubwa ya ALT. Ukizidi wa pili, ni ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri): safisha ule waya wa injini na chasi.

Mdau, Njombe

Betri inayokufa usiku tu, chaji ikiwa nzuri, kuna kitu kinakunywa. Chomoa hasi, weka mita ya ampea 10 kati ya waya na kichwa cha betri, funga milango. Inayofaa ni chini ya 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Zikiisha bila mabadiliko, toa waya wa B wa alternata, maana dayodi iliyovuja hunyonya betri pia. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa pale, utaiunguza.

Baridi ya Juni na Julai nayo inapunguza nguvu ya betri, na plagi za kupasha injini zinavuta umeme mwingi. Betri iliyokuwa inabahatisha Kyela itakukatalia Makete.

Mdau, Mbalizi

Kwa wanaonunua alternata ya mtumba: linganisha puli, masikio ya kufungia, ampea kwenye kibandiko, na kama ina pampu ya vakyumu. Zungusha kwa mkono usikilize beringi. Kabla ya kufunga, tia oili safi kidogo kwenye tundu la pampu, isizunguke kavu mara ya kwanza.