Tupeane uzoefu: kati ya siku uliyoambiwa "unafaa kuwa mwanamitindo" na siku uliyolipwa, palipita nini?

Mlingoti wa Tabata (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam.

Kila mwanamitindo wetu Flaviana Matata anapotajwa, habari zake husimuliwa kwa mruko mmoja: binti wa Shinyanga aliyempoteza mama yake katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 1996, akasomea mambo ya umeme Arusha, kisha mwaka 2007 akapanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico City akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora, na baada ya hapo New York. Yote ni kweli na yanatutia fahari. Ila mimi niliyeifanya kazi hii miaka minne hukwama kwenye hayo maneno "na baada ya hapo", kwa kuwa najua kwamba humo ndimo zilimo nauli, kodi za vyumba, usaili wa kukataliwa na siku za kulala na chai kavu.

Nilianza mwaka 2009 nikiuza vocha kituoni, na urefu wangu ulikuwa mzaha wa makondakta wote. Katika maonyesho saba ya mwanzo nililipwa fedha taslimu mara mbili tu, shilingi 20,000 na shilingi 35,000. Mara tano zilizobaki malipo yalikuwa chakula cha jioni, gauni moja lenye zipu mbovu, na ahadi ya picha ambazo hadi leo sijazitia machoni.

Naomba tulijaze pengo hilo kwa uzoefu wetu wenyewe. Taja ulicholipwa, aliyekudhulumu usimtaje jina.

Binti Mchuchumio

Ahsante kwa mada, dada Mlingoti. Yangu ni ndefu kidogo, mniwie radhi.

Nimekulia Mbagala, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja ya saruji, na mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua barazani. Aliyenigundua, kama ndivyo watu wanavyopenda kusema, hakuwa mpiga picha wala wakala, bali fundi cherehani wa mtaani aliyechoka kushonea sanamu lake la mbao na kutaka mtu wa kujaribishia magauni. Alinipa viatu vya mchuchumio vya mtumba kutoka soko la Karume, vidogo kwa namba mbili, nami nikawa napaka mafuta ya mgando visiginoni kabla ya kuvivaa. Nilifanya mazoezi saa nne asubuhi, wapangaji wakiwa kazini, maana jioni walilalamika kwamba nawagongea misumari kichwani. Mwishoni mwa korido palikuwa na kalenda ya zamani iliyotundikwa ukutani, na fundi akanifundisha jambo moja ambalo sijawahi kufundishwa bora yake mahali popote: "Miguu usiitazame, inajua ilipo. Tazama ule msumari wa kalenda, na uende kama unaufuata kuung'oa."

Miaka mitatu baadaye, baada ya maonyesho mengi ya kumbi za harusi na machache ya maana, nilipata wakala Johannesburg. Njia hiyo si ngeni kwetu. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, naye alifanya kazi Afrika Kusini kabla ya kuhamia New York. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila kitu nilichopewa kilikuwa kikiandikwa mahali. Mwezi wa tano niliomba hesabu yangu, nikapewa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Mapato yalikuwa randi 21,300. Chini yake yalifuata makato: kitanda katika nyumba tuliyolala wasichana sita, picha za majaribio, uchapaji wa kadi zenye picha na vipimo vyangu, dereva, asilimia ya wakala, hata gharama ya kupeleka kitabu changu cha picha kwa mteja ambaye hakunichukua. Jumla ya makato ilikuwa randi 22,150. Yaani nilikuwa nimefanya kazi miezi mitano na nilikuwa nadaiwa randi 850.

Sikulia. Nilirudi chumbani nikaisoma tena ile karatasi mstari kwa mstari, nikauliza kuhusu dereva, kwa sababu wiki mbili kati ya hizo nilikuwa nakwenda kwenye usaili kwa miguu. Walifuta randi 1,200. Nikajifunza kuuliza kila mwezi.

Kazi iliyonitoa haikuwa ya jukwaani, ilikuwa tangazo la mafuta ya nywele, siku mbili tu za kupigwa picha nikitabasamu huku nikimwagiwa maji ya baridi shingoni. Malipo yake yalizidi yote niliyokuwa nimeyapata tangu nifike. Leo mama yangu ana nyumba ya vyumba vitatu Chanika, na majirani wakimuuliza binti yake amejenga kwa kazi gani, huwajibu kwamba amejenga kwa kutembea.

Kijana wa Gikomba

Mimi ni mwanamume, na nadhani tunasahaulika katika mada hizi. Nilikuwa nikibeba marobota ya mitumba sokoni Gikomba, Nairobi, na mabega niliyoyapata kwa kazi hiyo ndiyo yaliyonipeleka kwenye mitindo. Onyesho la kwanza nililipwa soda na mkate wenye soseji. La pili nikaambiwa malipo yangu ni kuonekana. Mwenye nyumba wangu hakukubali kupokea kodi kwa kuonekana, kwa hiyo sikuacha marobota hadi mwaka wa tatu. Sishauri mtu yeyote aache kazi yake mapema.

Mwana Kakuma

Nimesoma yote kwa makini, na ningependa kuongeza upande wetu, kwa kuwa siku hizi jina la kambi yetu ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, hutajwa sana katika habari za mitindo.

Mwanamitindo Adut Akech alikulia Kakuma kabla ya kuhamia Australia, na mwaka 2018 ndiye aliyefunga onyesho la kampuni ya mavazi ya Chanel mjini Paris akiwa amevaa kama bibi harusi. Mwenzake Halima Aden alizaliwa hapa hapa mwaka 1997, na mwaka 2019 alirudi Kenya kupigwa picha za jarida la Sports Illustrated katika ufuo wa Watamu akiwa amevaa burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, kisha mwaka uliofuata akaachana na majukwaa kwa kuona kwamba kazi ilikuwa inamtenganisha na hijabu yake. Vijana wa hapa wanayajua haya kwa moyo. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba hao wawili waliondoka kambini wakiwa watoto wadogo, pamoja na familia zao, kama wakimbizi waliopatiwa makazi mapya, wakasoma na kukua huko kabla mitindo haijawakuta. Hakuna wakala aliyewalipia tiketi ya kutoka Kakuma.

Binti wa baba yangu mdogo yeye alilipiwa. Alipimwa urefu na kiuno nje ya duka, akapigwa picha mbele ya ukuta wa mabati, akafanyiwa mpango wa hati za kusafiria uliochukua miezi, kisha akapelekwa Ulaya. Alikaa siku kumi na saba, hakupata kazi hata moja, na akarudishwa akiwa na deni la tiketi, viza, chumba na chakula ambalo ukoo wetu mzima usingeweza kulilipa. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilipoandika kuhusu vijana waliochukuliwa kutoka kambini na kurudishwa na madeni ya maelfu ya euro, hapa nyumbani hakuna aliyeshangaa. Yeye sasa anasuka nywele. Bado ni mrefu na bado ni mzuri, na hapendi kuulizwa.

Mzee wa Redio

Kwa heshima zote, naona mnawavunja moyo vijana. Mtu anataka kusikia kwamba aliyekuwa hana kitu amefika, nanyi mnamletea karatasi za hesabu.

Mlingoti wa Tabata

Mzee wangu, shikamoo. Sina ugomvi na hadithi tamu, ila nyingine zimetiwa sukari na wauzaji. Mwanamitindo maarufu Iman alipopelekwa New York katikati ya miaka ya sabini, mpiga picha Peter Beard alieneza kwamba alimkuta akichunga mifugo porini na kwamba hajui Kiingereza. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa mwanadiplomasia wa Somalia, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, anayezungumza lugha kadhaa, na alikutwa mtaani jijini Nairobi. Umaskini wa kubuni uliuza kuliko usomi wa kweli. Na kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote katika simulizi yake mwenyewe: alipoombwa apigwe picha, aliuliza atalipwa nini, akataka alipiwe ada ya chuo. Ndiyo karatasi ya hesabu hiyo, mzee wangu, na aliianza yeye.

Mama wa Wawili

Habari zenu wanangu. Mimi niko Morogoro. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na ana urefu wa futi tano na inchi kumi na moja. Wiki iliyopita kijana mmoja alimfuata stendi ya Msamvu akasema yeye ni wakala, na kwamba tukitoa shilingi 150,000 za usajili na picha, ataanza safari ya Dubai wakati wa likizo. Binti haniachi nipumue. Nifanyeje?

Binti Mchuchumio

Shikamoo mama. Usitoe hiyo fedha. Wakala wa kweli hula kwenye kazi aliyokutafutia, kwa kawaida asilimia 20 hivi, naye akilazimika kugharimia kitu huandika na kukata baadaye, kama nilivyosimulia. Hatangulii kumchangisha mzazi. Mwombe mkataba wa maandishi, tena uusome ukiwa nyumbani na mtu anayejua sheria, si pale stendi. Angalia umefungwa kwa miaka mingapi, nani analipa tiketi na viza, deni likibaki linamwangukia nani, na kama atasafiri na mlezi, kwa maana bado ni mtoto. Na amalize shule, urefu hautapungua.

Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Nilimpigia yule kijana nikamwambia sitoi kitu, anitumie kwanza mkataba kwa Kiswahili, na nikamuuliza deni likibaki ni la nani. Akasema yuko barabarani, atanipigia baada ya dakika tano. Leo ni siku ya nne. Binti amenuna, lakini jana usiku nilimsikia akitembea koridoni.