IBS na matunda: nile yapi, niache yapi?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Nina IBS, yaani tatizo la utumbo la kuumwa tumbo mara kwa mara, gesi, na kuharisha au kufunga choo; daktari alithibitisha mwaka jana. Nilijitahidi kula matunda kwa ajili ya afya: asubuhi tufaha, mchana tikiti maji, jioni juisi ya embe. Haipiti muda tumbo linajaa gesi, linanguruma, halafu ni mbio chooni. Sasa naogopa tunda lolote. Niache kabisa?

Mchangiaji 1: Pole sana mkuu. Usiache, badili aina na kiasi. Hayo matatu ndiyo yanayotusumbua wengi. Yana sukari aina ya fruktosi nyingi kuliko glukosi, na ile inayozidi utumbo mwembamba haunyonyi yote. Tufaha lina sorbitoli pia, nayo ni jamii ya sukari, kama peasi na plamu. Sukari hizo huvuta maji tumboni, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, gesi inajaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio walioandaa mlo wa kuzipunguza, mlo wa FODMAP kidogo (FODMAP ni jina la jumla la sukari za aina hiyo). Mimi chungwa, papai, nanasi na stroberi havinisumbui. Ndizi nakula ikiwa bado ngumu kidogo. Ikishaiva ikawa na madoadoa, nateseka.

Mchangiaji 2: Juisi achana nayo kwanza. Fikiria glasi moja imekamuliwa maembe mangapi! Matunda makavu nayo vivyo hivyo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya Uingereza, unasema matunda yasizidi sehemu 3 kwa siku, kila moja kama gramu 80. Zipishanishe, usizile kwa mkupuo.

Mchangiaji 3: Mimi yangu ni ya kufunga choo. Kiwi 2 kila siku zimenisaidia mno.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kwa hiyo embe ndiyo basi tena?

Mchangiaji 1: Hapana. Yapumzishe yanayokusumbua wiki 2 hadi 6, kisha rudisha moja moja: siku ya kwanza vipande vichache, siku ya pili na ya tatu uongeze, huku ukiandika tumbo linavyojibu. Ukimpata mtaalamu wa lishe akusimamie, bora zaidi, maana kujinyima muda mrefu kunadhoofisha mwili. Na ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au kuharisha kukikuamsha usiku, rudi kwa daktari haraka. Hayo usiyahesabu kuwa IBS.

Mleta uzi: Nimekuelewa mkuu. Daftari ninalo tayari, kesho naanza na chungwa moja.