Kama dubu weupe walivuka joto la zamani, kwa nini wasivuke hili la sasa?

Mwalimu_Shangani:
Habari za jioni, wanajukwaa. Nafundisha baiolojia hapa Mtwara, na katika mada ya mageuko ya viumbe mwanafunzi wa kidato cha sita amenibana kwa swali. Amesoma kwamba mwaka 2004, katika visiwa vya Svalbard nchini Norwe, uliokotwa mfupa wa taya la dubu mweupe wenye umri wa miaka kati ya 110,000 na 130,000. Kwa hiyo, anasema, dubu huyo alikwisha kuona joto kali kabla ya enzi ya mwisho ya barafu, na joto likapita akabaki. Zaidi ya hayo, dubu mweupe na dubu wa kahawia huzaana, na watoto wao si tasa. Je, barafu ikiisha, hawezi kurudi nchi kavu akaishi kama binamu yake? Sitaki kumnyamazisha kijana, nataka kumjibu.

Mkazi_wa_Lindi:
Mwalimu, hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, lakini tutazame walibakije. Kusini-mashariki mwa Alaska kuna visiwa vya Admiralty, Baranof na Chichagof, ambako wanaishi dubu wa kahawia wanaokula samaki na matunda, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwadhania vingine. Hata hivyo, vinasaba vyao vya mitokondria, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake, viko karibu na vya dubu weupe kuliko vya dubu wa kahawia wa bara. Maelezo yaliyotolewa na watafiti mwaka 2013 ni kwamba barafu iliporudi nyuma, dubu weupe walikwama huko. Madume wa kahawia, ambao hutangatanga mbali ilhali majike hukaa karibu na walikozaliwa, wakawa wanaogelea kutoka bara na kuwapanda majike weupe, kizazi baada ya kizazi, mpaka weupe wote ukamezwa. Ndiyo maana alama ya dubu mweupe imesalia kwa wingi zaidi kwenye kromosomu ya X, ambayo jike anazo mbili na dume moja, kuliko kwenye kromosomu nyingine. Damu ipo, dubu mweupe mwenyewe visiwani humo hayupo.

Kuhusu kuzaana kwa siku hizi, nisingelitegemea sana. Mwaka 2006 mwindaji alimuua chotara katika kisiwa cha Banks, Kanada, na baadaye wakajulikana wengine, lakini utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba machotara wote wanane waliokuwa wamejulikana walitokana na jike mmoja mweupe aliyezaa na madume wawili wa kahawia. Hiyo ni familia moja yenye mambo yake.

Mvuvi_Msimbati:
Shikamoo, Mwalimu. Bahari yetu huku haigandi, kwa hiyo mniwie radhi: kwani dubu huyo haogelei? Kwa nini asiwafuate majini sili, wale wanyama wa baharini anaowala?

Bwana_Mifugo_Masasi:
Ndugu Mvuvi, anaogelea masafa marefu, ila majini sili humwacha mbali. Dubu huvizia kando ya tundu la kwenye barafu ambalo sili hulitumia kupandia kuvuta pumzi, akatulia hata saa nzima, na kichwa kikichomoza humnasa na kumburuta juu. Wakati sili wanapozaa, huvunja kwa miguu ya mbele paa la theluji ambalo chini yake mama amemficha mtoto. Barafu kwake ni ngalawa na mtego kwa pamoja.

Tena anachotafuta hasa ni mafuta. Jeni yake ya APOB, inayohusika na kusafirisha mafuta katika damu, imebadilika ikilinganishwa na ya dubu wa kahawia, na matunda ya porini hayawezi kuujaza mwili wa namna hiyo. Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, huko Kanada, dubu 20 walifuatiliwa nchi kavu wakati wa kiangazi wakiwa na kamera shingoni. Wengine walilala ili kuokoa nguvu, wengine wakala matunda na ndege. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanasema 19 kati yao walikonda. Kundi la eneo hilo lilikadiriwa kuwa na dubu 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021, ingawa huenda baadhi walihama tu.

Mwalimu_Shangani:
Marahaba, Mvuvi, swali lako limenisaidia. Je, wakubwa, hakuna dubu hata mmoja anayemudu hali mpya?

Mkazi_wa_Lindi:
Wapo. Mwaka 2022 lilielezwa kundi la dubu mia chache kusini-mashariki mwa Greenland, waliojitenga na wenzao kwa mamia ya miaka. Bahari ya huko hukosa barafu yake kwa sehemu kubwa ya mwaka, nao huwinda juu ya vipande vinavyomeguka kutoka kwenye mito ya barafu ya nchi kavu. Mwambie kijana aanzie hapo, kisha ahesabu muda: jike huzaa takriban kila baada ya miaka mitatu, kwa kawaida watoto wawili, ilhali Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Mahali penye mito ya barafu inayofika baharini ni pachache, na mito hiyo nayo inayeyuka.