Mfalme na walii kwenye picha za Kimughal: ucha Mungu au siasa?

Mleta mada: Wakuu, tuijadili picha ya mchoraji Bichitr iliyoko makumbusho ya Freer, Washington, ya mwaka 1615 hadi 1618 hivi. Jahangir, mfalme wa Kimughal aliyetawala India, kakaa juu ya saa ya mchanga, anampa kitabu Shehe Husain wa dargah (kaburi takatifu) ya Chishti, tarika ya Kisufi, mjini Ajmer. Chini ya shehe wamepangwa sultani wa Kituruki, James wa Kwanza wa Uingereza, na mwisho kabisa mchoraji mwenyewe. Maandishi ya Kiajemi yanasema wafalme wamesimama mbele ya Jahangir, ila macho yake yako kwa madarweshi, yaani Masufi walioipa dunia kisogo. Kwangu huo ni ucha Mungu. Hata jina lake la kuzaliwa, Salim, alipewa kwa heshima ya Shehe Salim Chishti wa Sikri.

Mchangiaji wa 1: Naomba kutofautiana, mkuu. Tazama mikono. Shehe hakipokei kitabu kwa kiganja. Ametandaza kitambaa, ngozi hazigusani. Na lile duara la nuru, jua na mwezi kwa pamoja, liko nyuma ya kichwa cha nani? Shehe hana hata chembe. James naye kanakiliwa kutoka picha ya Kiingereza. Yeye na Jahangir hawakuonana maishani. Balozi wa James, Thomas Roe, ndiye aliyefika Ajmer, mwishoni mwa 1615.

Mchangiaji wa 2: Nuru hiyo ina gharama yake. Majani ya dhahabu husagwa pamoja na asali au gundi, yakaoshwa kwa maji hadi ubaki unga mtupu, kisha unatiwa gundi kidogo ya mgunga na kupakwa kwa brashi ya manyoya ya kindi. Ukikauka husuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ung'ae. Gundi ikizidi, dhahabu inafifia na kupasuka. Ikipungua, inabanduka jiwe linapopita. Karakana haimwagi kazi ya namna hiyo ovyo. Fuata dhahabu ujue picha ni ya nani.

Mleta mada: Sawa, na Jadrup je? Yogi, mtawa wa Kihindu, maskini, anaishi pangoni karibu na Ujjain, mlango mwembamba mno. Mwaka 1617 Jahangir alimwendea, kipande cha mwisho kwa miguu. Mchoraji Govardhan akaichora ziara hiyo. Picha iko makumbusho ya Guimet, Paris. Kwa yogi asiye na jeshi wala ardhi, siasa iko wapi?

Mchangiaji wa 1: Siasa iko hapo hapo: yogi hatishii kiti cha enzi. Guru Arjan, kiongozi wa dini ya Masingasinga, alidaiwa kumbariki Khusrau, mwana aliyemwasi Jahangir, na mwaka 1606 akauawa kwa amri ya huyu huyu mcha Mungu wako. Walii aliyepakwa rangi ni yule aliyekaa mbali na ugomvi wa urithi.

Mchangiaji wa 3: Mnamsahau Bichitr. Sahihi yake kaiweka kwenye kigoda cha kukanyagia mfalme, halafu malaika wadogo wa Kizungu wanaandika kwenye ile saa dua ya miaka 1,000 ya utawala, na mchanga mwingi umeshashuka chini. Kama ni propaganda, nani alimruhusu auchore mchanga hivyo?

Mchangiaji wa 1: Mfalme mwenyewe. Mchanga ukiisha, anayebaki na mwenye kitabu ni shehe, na kitabu kimetoka mkononi mwa Jahangir.